Kijiko cha Maji

Sikutumia kikombe. Kilikuwa mbali, kando ya dirisha,
na muuguzi wa zamu alikuwa amesinzia kitini.
Nilichovya kijiko cha uji kwenye maji ya kunywa,
nikamdondoshea mama utosini, mara tatu,
na yale majina matatu nikayasema chinichini
kama mtu anayehesabu pesa za wenyewe.

Ilikuwa Kisumu, wodi ya wanawake, saa tisa usiku.
Joto la ziwa lilikuwa limetulalia sote.

Mama, Kageha binti Mudogo, Rafiki wa Chavakali,
miaka sabini na minane hakuguswa na maji ya kanisa.
Kwao Marafiki, Roho hahitaji ndoo.
Wanaimba, wanahubiri, kisha wananyamaza
wakingoja neno; lisipokuja
wanapeana mikono, wanakwenda kupika.

Mimi nimeolewa na Ogalo, Mkatoliki wa Nyalenda.
Katekista alitufundisha: mtu akiwa kufani
yeyote aweza kumbatiza, hata kwa maji ya mtungi.

Nakumbuka Krismasi moja, Yohana tatu wazi mezani
kati ya kuku na bakuli la mrenda.
Kaka yangu Agufana, aliyezamishwa mto Yala
akaibuka akikohoa na kunena kwa lugha,
alisema, "Maji ni maji mengi.
Maiti haizikwi kwa kunyunyiziwa udongo."
Ogalo akajibu, "Mbegu nayo huota kwa umande."
Lugalia, kitinda mimba, Rafiki hadi leo,
akasema maji yale ni mfano, na mfano haulowanishi mtu.

Mama alikuwa anachokonoa mfupa.
Mkunga wa miaka arobaini.
"Nikodemo alikuwa mwanamume," akasema,
"ndiyo maana hakuelewa.
Hajapiga magoti kwenye sakafu ya udongo
chupa ikapasuka, maji yakamfika viwikoni.
Kila niliyempokea alikuja na maji.
Hayo mmeshayapata nyote. Limebaki la Roho.
Nani ataongezwa mchuzi?"

Tulicheka. Hoja ikafa hapo,
au tulidhani imekufa.

Kwa maana usiku ule, pumzi yake ikikwama
kama mlango uliovimba kwa mvua,
sikumkumbuka mkunga.
Niliona lango, naye yuko nje,
na mimi ndani na kijiko changu.
Niliogopa. Sina neno zuri zaidi ya hilo.

Akafungua macho.
"Paa linavuja?" akauliza kwa Kimaragoli.
"Kidogo," nikasema.
"Weka sufuria."
Akalala. Kulipokucha hakuamka.

Padri hakunigombeza nilipomweleza.
Aliuliza neno moja tu: "Alikubali?"
"Alifungua macho, Padri."
Akanyamaza kitambo kirefu,
na kimya kile nilikijua, nimelelewa nacho.

Siku ya mazishi Agufana aliomba
mpaka kipaza sauti kikapiga mluzi.
Kisha Lugalia akasimama, akatutaka tunyamaze,
tumwachie Mungu nafasi aseme.
Kwenye kimya cha Marafiki, ukisukumwa, unainuka.
Magoti yangu yalitaka.
Mfukoni nilikuwa na kijiko cha hospitali,
sijui nilikichukua lini.
Lugalia alinitazama. Huenda alijua;
usiku ule alikuwa zamu mlangoni, na mlango una kioo.
Sikuinuka. Naye hakusema.

Ndipo mvua ya saa nane ikashuka kutoka Kaimosi
bila kubisha hodi, juu ya turubai, juu ya udongo mbichi,
juu ya Wakatoliki na Wapentekoste na majirani wa Roho
waliokuja na kanzu zao nyeupe na ngoma,
na turubai, la kukodi, lilikuwa na matundu.
"Wekeni sufuria!" shangazi fulani akapaza sauti.

Nikaenda kuweka.